Erina na Ubongo Mpya wa Mashine ya Kahawa

Kwa miaka kumi na moja Erina Kenyangi, fundi wa umeme wa Kasese, aliihudumia mashine ya kukaushia kahawa ya chama cha wakulima wa Bwera. Ndani ya kisanduku chake ukutani mlikaa kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, ambayo wakulima waliiita ubongo. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la hewa na kuamua lini moto uwake, lini uzimwe. Ilikuwa nzee, na kosa lake kubwa lilikuwa kwamba ilifanya kazi. Kiwanda kilichoitengeneza kiliona aibu hiyo kikaacha kuitengeneza.

Basi kampuni iliyouza mashine ikamtuma Nobert kutoka Kampala, amevaa tai, na ubongo mpya mkononi.

“Madam, hii ni kitu rahisi,” alimwambia Erina. “Unatoa ya zamani, unaweka mpya. Dakika kumi tu.”

Erina aligeuza karatasi ya maelezo. Ubongo wa zamani ulitumia volti tano. Huu mpya ulitaka tatu na kidogo.

“Na kipimajoto? Kile bado kinatuma volti tano.”

“Hiyo mambo engineers walishafikiria,” alisema Nobert. Hakusema ni engineers gani, wala walikuwa wamefikiria nini.

Erina aliomba siku tatu za majaribio. Nobert alikuwa na dakika kumi. Mwenyekiti wa chama, Mzee Zedekia, aliitazama ile tai, akaitazama ovaroli ya Erina yenye madoa ya grisi, akaichagua tai. Nobert aliufunga ubongo mpya, kioo chake kikawaka, kikaandika “Karibu”, watu wakapiga makofi. Nobert alipigwa picha akiwa amekishika kisanduku kama mtoto wa ubatizo.

Ubongo mpya ulikuwa na kasi ya ajabu. Kwa kasi hiyo hiyo uliisoma hewa ya moto kuwa ya baridi, ukaongeza moto, ukasoma tena baridi, ukaongeza tena. Kufikia saa nane mchana Mzee Zedekia alikuja mbio, akipepea kofia.

“Engineer! Hii kahawa iko inanuka kama ya hoteli!”

Magunia sita yalikuwa yamekaangwa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni sukari. Nobert alieleza kwa utulivu kwamba tatizo ni unyevu wa Bwera. Halafu umeme wa Bwera. Angepewa muda kidogo angeulaumu hata mlima ulio juu ya Bwera, ila gari lake lilikuwa linasubiri.

Erina hakumwambia mtu “nilisema”. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, ila aliirudisha kifuani, akaurudisha na ule ubongo wa zamani mahali pake, mavuno yasilale. Kisha akapanda gari hadi Kasese, ule mpya mkobani.

Dukani kwake alichemsha maji kwenye sufuria, akatia humo kipimajoto cha akiba, akakiunganisha na ubongo mpya. Maji yanachemka, kioo kinadai ni ya uvuguvugu. Alilehemu rizista mbili ndogo kati ya kipimajoto na ubongo ili volti zishuke, akafungua programu ya zamani, ambayo kampuni ilikuwa imeipoteza na yeye alikuwa ameinakili bila kuambiwa, akaiandika upya mstari kwa mstari. Siku ya tatu maji yalichemka na kioo kikakubali kwamba yanachemka. Erina alicheka peke yake hadi jirani wa cherehani akachungulia.

Alirudi Bwera kupitia Kikorongo, akafunga ubongo mpya, akakaa kando yake siku nzima. Kahawa ilikauka, haikukaangwa. Mzee Zedekia alivua kofia.

“Mama Erina, tulikukosea.”

“Ndiyo, mzee, mulinikosea,” alisema, akaendelea kufunga skrubu.

Kampuni nayo haikukosa shukrani. Ilimtumia fulana kubwa kama hema, na baada ya wiki mbili ikapiga simu: mashine ya Kisinga ilitaka ubongo mpya, je, angemsaidia Nobert?

“Nitaenda,” Erina alijibu. “Lakini kazi ni yangu, siku tatu. Yeye atachemsha maji.”

Kisinga, Nobert alivua tai kabla ya kuwasha jiko. Alichemsha vizuri sana.