Wali wa Mke wa Sonara

Enzi za Mwingereza, jirani zetu pale Lindi walikuwa sonara kutoka kisiwa cha Seloni na mkewe. Mke alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, na hii ilipovuka miezi minane hata sisi majirani tukawa tunanyata. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkunga wake, na mke huyo, niliyemwita dada, alikwishasema hamtaki mwingine.

Mwaka wa kwao huingia katikati ya masika. Alituita tumsaidie kupika wali wa sikukuu: mchele huchemshwa ukalainika, hutiwa tui zito na chumvi, husongwa, kisha hutandazwa kwenye sinia na kukatwa vipande kama haluwa. Nilikuna nazi mpaka bega likauma. Moto haukuwashwa hadi saa waliyoipata kwa falaki yao ya nyota. Mama hakushangaa, maana falaki hata kwetu ipo.

Kabla ya mchele, tui lilibandikwa peke yake katika chungu kipya. Yule dada akakaa kwenye kibao, mkono tumboni, akilitazama tu. Hakushika hata mwiko. Sisi watu wa pwani tui hatuliachi. Likifura na kumwagika, utaambiwa hukufunzwa kwenu. Mimi nimewahi kuchapwa kwa kosa hilo. Tui likaanza kutokota pembeni, likapanda. Mama akanitazama. Lilipofika ukingoni uvumilivu ukamwisha, akazivuta kuni zote nje ya mafiga.

Tui likashuka. Yule dada akaudaka mkono wa mama na kuubana.

"Liache limwagike, mama," alisema huku analia. "Lisipomwagika, mwaka umeharibika. Na mtoto."

"Ungesema mapema," mama akajibu. Akautoa mkono wake, akajifunga kanga upya. "Mimi sishikwi hivyo na mtu ninayeweza kumzaa."

Tukaondoka. Nyumbani akasema atafutwe mkunga mwingine. Nilimwambia yule ana hofu, si kiburi. Akanijibu kwamba mwanamke aliyerudi kwao na talaka, kama mimi, hana la kumfundisha mkunga. Lilinichoma, na nilimchukia siku nzima.

Alasiri yule dada akaja na sinia lililofunikwa, tambuu ya heshima juu yake. Mama alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo haiachwi hewani, hata ya adui. Mama aliiacha. Aliendelea kuchambua mchele wake kana kwamba hakuna mtu. Yule dada akasubiri, tumbo limemwelemea, kisha akaweka sinia chini na kurudi kwake. Niliona aibu kama ni mimi niliyekataliwa. Wali niliula peke yangu. Ulikuwa mzito, chumvi imekolea, mtamu kweli. Mama alisema ni bokoboko lililokosa nyama, na hakuonja.

Siku zilipotimia, sonara alikuja mlangoni asubuhi, kichwa wazi, hana viatu. Alipiga hodi, akaonyesha kidole kwake. Nilijiandaa kugombana na mama. Hakunipa nafasi, alikwishachukua mkoba wake.

Tulimkuta yule dada ameushika ubao wa kitanda. Uchungu ulikuwa bado mchanga, lakini midomo ilikuwa imemkauka kwa woga.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Alimpapasa tumbo, akapita moja kwa moja hadi jikoni.

"Kuna nazi," aliniambia.

Nikakuna, nikakamua. Akajaza chungu pomoni, akachochea kuni, akasimama mikono nyuma. Niliona vidole vyake vikihangaika. Tui likapanda, likafika ukingoni, likafurika mpaka moto ukalia na jivu likaruka. Hakusogea. Kisha akanawa mikono, akaingia chumbani.

"Marahaba, mwanangu," nilimsikia akisema. "Limemwagika lote. Haya, tuzae."

Mtoto alilia adhuhuri, nikiwa bado nakwangua tui lililogandia mafigani.