Taa ya Pikipiki ya Shemeji

Mimi ndiye niliyemshauri shemeji, mdogo wake mke wangu, anunue pikipiki badala ya gari. Ilikuwa mwaka 2015, tunakaa Newburg, Louisville, watu saba katika nyumba ya vyumba viwili. Yeye alikuwa amepata kazi ya ghala kule Okolona, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo hakuna basi. Gari letu moja mke wangu anaondoka nalo mapema zaidi.

"Gari siijue sana," nilimwambia. "Lakini piki? Ikikohoa tu, mimi najua ugonjwa."

Sikudanganya. Kwetu Uvira nilikuwa fundi wa pikipiki, na watu walinisifu mno. Tukaifuata hiyo pikipiki Columbus, kwa ndugu mmoja wa kanisa, tukairudisha nyuma ya pikapu ya mchungaji huku nikijiona mkubwa.

Novemba baridi ikaingia, nayo ikaanza kugoma. Unabonyeza stata, inafanya tik-tik-tik, basi. Niliizunguka mara mbili nikitafuta kiki ya kupiga kwa mguu. Haikuwa nayo. Shemeji alichelewa kazini mara mbili wiki hiyohiyo, na pale kwao mara ya tatu unarudishwa nyumbani moja kwa moja.

Kwetu, fundi anayekimbilia kununua kitu kipya kabla hajahangaika na cha zamani si fundi, ni mchuuzi tu. Betri tulizifufua. Tulizianika juani, tukaziongezea asidi, zikaenda mwaka mwingine. Hii ilikuwa imezibwa pande zote, na jua lenyewe la Louisville mwezi huo halikaushi hata soksi. Nikailaza sebuleni kando ya hita. Jumamosi asubuhi nikaipima kwa mita, ikasoma volti kumi na mbili na nusu.

"Betri iko muzima," nikatangaza. "Shida iko kwa waya."

Siku nzima nilikuwa nimepiga magoti kwenye maegesho. Nilitoa kiti, nikakagua fyuzi, nikakwangua kutu kwenye waya wa arthi unaounga betri na fremu, nikafunga upya kila kiungo. Vidole vilikufa ganzi. Shemeji alikuwa amechuchumaa karibu nami, mtu mzima mwenye watoto wawili.

"Shemeki, mi naonaka..." akaanza.

"Shika tochi," nikamkata.

Tukairudisha betri kutoka kwenye joto, akabonyeza, ikawaka mara moja! Jumapili kanisani kila mtu alinipa mkono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliwaeleza hata wasiouliza habari za ule waya wa arthi. Usiku huo betri ililala nje, ndani ya pikipiki. Si imeshapona?

Jumatatu asubuhi, tik-tik-tik.

"Tusukume," nikasema. Uvira kusukuma hakukuwahi kunishinda. Yeye akapanda, akatia gia ya pili, nami nikasukuma kuanzia kwenye mapipa ya taka hadi barabarani. Tairi likaserereka, injini ikanyamaza. Tukarudia mara nne. Sikujua kwamba mashine hii petroli yake inasukumwa na pampu ya umeme, na kwamba bila betri yenye nguvu ningeweza kuisukuma hadi Columbus isiwake. Nilikuwa nahema, machozi yananitoka kwa baridi na kwa hasira. Saa ya zamu ikapita. Shemeji akashuka polepole, akavua helmeti, akaketi ukingoni mwa barabara.

Kazini wakamfukuza. Mwezi uliofuata akahamishia familia yake Cheektowaga, karibu na Buffalo, kwa baba yake mdogo aliyemtafutia kazi ya kiwanda. Pikipiki akaniachia, na baada ya kuondoka kwao niliipeleka ile betri kwenye duka la vipuri. Msichana wa kaunta aliibana kwa mashine inayoibebesha mzigo kama wa stata, akasubiri kidogo, mshale ukaanguka. Volti ilikuwepo, nguvu hakuna. Nilikuwa nimeipima ikiwa imepumzika, tena ina joto la sebule yangu.

Majira ya baridi yaliyofuata shemeji akanipigia simu kutoka Cheektowaga. Sasa alikuwa na gari.

"Shemeki, iko inafanya tik-tik. Iko nini?"

Bado ananiuliza mimi. "Washa taa za mbele," nikamwambia. "Sasa piga stata. Taa zinafanya nini?"

"Zinazimika."

"Basi betri imekufa. Usihangaike na waya."

"Bon, sawa. Hata taa ya piki ilikuwaka inazimika hivyo. Kila asubuhi niliionaka."

"Na hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, shemeki," akasema, bila hasira yoyote. "Ukaniambia nishike tochi."