Mshika Mnyororo wa Tarver

Kwa miaka arobaini na minne, kila Ijumaa ya msimu wa mpira, Orval Stegall alisimama pembeni mwa uwanja wa Tarver akishika mnyororo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumshuku. Nalisema hilo mapema kwa sababu Tarver ni mji wa kushukiana. Mwamuzi anashukiwa, kocha anashukiwa, hata mchungaji alishukiwa ilipojulikana kwamba alisoma shule ya wapinzani wetu. Lakini Orval? Hapana, jamani. Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, grisi mpaka viwikoni. Ijumaa alijisugua kwa mafuta ya taa, akavaa shati jeupe, akaenda kupima yadi kumi.

Maana mpira wa Texas ndio huo: unaukumbatia na kukimbia nao, wapinzani wanakuangusha, na timu ina majaribio manne tu ya kusogea yadi kumi. Zikipungua hata kwa unywele, mpira wanapewa wapinzani wenu. Mnyororo, wenye urefu wa yadi kumi kamili, ndio unaoamua, na anayeushika, hata awe amezaliwa nyuma ya goli, hana timu.

Jumamosi asubuhi wanaume walikusanyika kwa Lupe Arredondo, kinyozi, wenye nywele na wasio nazo. Mwaka ule ubishi ulikuwa mkali kuliko kawaida. Lupe alikuwa ameupaka chokaa ukuta wa nje wa duka lake, akatangaza kwamba atachora sura moja tu: ya mkimbiaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Tarver. Walipoombwa wapunguze majina, walibaki wawili. Kulikuwa na Cade Wimberly, aliyetuletea kombe la jimbo mwaka 2009, na kulikuwa na Rodell Gaines wa mwaka 1977.

Ah, Rodell! Hakuwa mrefu. Barabarani alitembea polepole, kama mtu ambaye viatu vinambana. Lakini mpe mpira uone. Alikuwa na tabia ya kusita kidogo tu mbele ya mtu anayemjia kwa kasi, na yule mtu akafika mapema mno, akakumbatia hewa. Siku tuliyocheza na Bascom aliwaacha saba namna hiyo katika mkimbio mmoja, na wa saba alibaki amekaa kwenye nyasi akicheka peke yake. Orval aliyaona hayo kutoka hatua tatu. Alisikia pumzi za Rodell zikipita. Alimsikia pia akisema "samahani, kaka" kwa kila aliyempitia juu, na hilo watu wa majukwaani hawakulijua kamwe.

"Kombe ni kombe, bwana," alisema Dub Hanrahan, aliyekuwa akiuza matrekta kabla ya kustaafu na sasa anauza maoni. "Rodell wenu alikuwa mtamu, sikatai. Lakini siku tulipohitaji yadi mbili tusonge mbele, alizipata?" Akainua mkono. "Vidole vitatu! Alipungukiwa vidole vitatu, tukarudi nyumbani tunalia."

"Dub, kichwa chako ningekinyoa na kwa ndani," alijibu Lupe. "Cade alikuwa na watu watano mbele yake wa kumfagilia njia, kila mmoja mkubwa kama ghala. Nyuma ya wale hata mama yangu angekimbia."

"Mama yako magoti yalimwisha zamani."

"Na bado angekuacha umesimama!"

Kicheko kikapasuka. Dub akamgeukia Orval. "Wewe uliwaona wote wawili kwa karibu. Hebu tuamulie, mzee, tukanywe kahawa."

"Mshika mnyororo hana timu," alisema Orval, na wote wakaguna, kwa sababu ndilo jibu walilopewa miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na aliyeingia ni Rodell Gaines mwenyewe. Siku hizo aliishi mji mwingine, akiendesha lori la gesi, na alikuja Tarver mara moja kwa mwezi kumwona dada yake na kunyolewa. Alikuwa na miaka sitini kasoro mmoja, mguu mmoja ukiwa mzito. Wazee wazima wakasimama kumpisha! Lupe akafuta kiti ambacho tayari kilikuwa safi.

"Karibu, bingwa. Ukuta wangu unakusubiri."

Rodell aliketi, akajifunga shuka shingoni mwenyewe. "Nimeusikia huo ubishi wenu tangu nje," alisema. "Mchoreni Cade."

"Usituletee unyenyekevu hapa," alisema Lupe.

"Siyo unyenyekevu, Lupe. Mkimbiaji bora kuliko wote angezipata zile yadi mbili. Mimi sikuzipata. Ndiyo hivyo. Nimeshazoea."

Alilisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomchoma Orval. Angelalamika, labda mzee angeendelea kunyamaza mpaka kaburini. Lakini nimeshazoea? Kwa kosa la mtu mwingine?

Kosa lenyewe ni dogo mpaka aibu kulieleza. Kabla ya kuupeleka mnyororo katikati ya uwanja kupima, unauwekea kibanio pale unapokutana na mstari mweupe wa chokaa uwanjani, ili ukifika kule ujue pa kuushikiza. Mstari una upana wa kiganja, kwa hiyo una kingo mbili, na washika mnyororo hutumia ukingo wa nyuma, wakati wa kukiweka kibanio na wakati wa kukishikiza. Siku ile, jaribio la nne, watu elfu nne wakipiga mayowe, Orval alipiga goti katikati ya uwanja na kukishikiza kibanio kwenye ukingo wa mbele. Mnyororo wote ukasogea mbele upana wa kiganja. Mwamuzi akaukaza, akapima, akaonyesha vidole vitatu. Orval alipoinuka ndipo alipoiona alama ya goti lake kwenye chokaa, upande usio sahihi. Mpira ulikuwa umeshachukuliwa. Angepaza sauti wakati ule, yeye mtu wa Tarver, nani asingemwita mwizi? Akasema moyoni atasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka arobaini na miwili, na hata mkewe hakumwambia.

"Ulizipata," alisema Orval.

Mkasi wa Lupe ukasimama. Orval akavua kofia, akaeleza yote, kibanio, ukingo, goti. Kiganja ni vidole vinne, alisema. Ulivuka, Rodell, na kidole kizima kikabaki.

"Lahaula!" Dub alikuwa mwekundu usoni. "Miaka yote hii nabishana kwa jambo ambalo halikutokea? Orval! Wewe?"

"Mimi."

"Mtu tuliyekuamini wewe tu mji mzima!"

"Nyamaza, Dub," alisema Rodell taratibu. Alikuwa akimtazama Orval kwenye kioo. "Ulijua lini?"

"Palepale. Kabla hujaondoka uwanjani."

Rodell alifungua shuka, akainuka, nywele zake zimenyolewa nusu. Mikono yake mikubwa ilikunja ngumi, na kwa kitambo wote walidhani atampiga mzee wa miaka sabini na mmoja. Orval alidhani hivyo pia, na hakurudi nyuma.

"Ingia kwenye lori," alisema Rodell.

Walikwenda mpaka makaburi ya upande wa mashariki, jua la saa sita likiwaka, mashamba ya pamba meupe pande zote. Rodell alisimama mbele ya jiwe dogo: Hosea Gaines, 1919 hadi 1981.

"Baba alinipenda," alisema. "Lakini mpaka siku anakufa aliamini niliogopa. Alisema ningeinamisha bega niwapenye. Kila Krismasi, mezani, mbele ya kila mtu: mwanangu, ungeinamisha bega tu. Na niliinamisha, Orval! Niliinamisha mpaka likateguka." Akalionyesha jiwe. "Mimi usiniombe chochote. Mwambie yeye."

Orval alipiga goti kwa shida. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Bwana Gaines," alisema, "mimi ni Stegall, wa mnyororo. Nilikiweka kibanio vibaya. Kijana wako aliinamisha bega. Alifika."

Upepo ulipita kwenye pamba.

"Hajasikia," alisema Rodell nyuma yake. "Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu. Sema kwa nguvu."

Orval akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Alifika!" alipiga kelele. "Bwana Gaines, mwanao alifika!"

"Tena," alisema Rodell.