Kifuniko cha Mume Wangu

Hapa Nakuru tulikuwa na tabia mbaya ya kununua maziwa, na asiniambie mtu kwamba ilikuwa ya wachache. Mteja anafika kibandani kwangu, anachukua chupa, anafungua kifuniko, anamimina maziwa kidogo ndani ya kile kifuniko na kuyaonja. Anatazama juu, anafikiri, anasema yana maji. Anaifunga chupa, anairudisha mezani na kuchukua nyingine. Chupa moja iliweza kupita midomo ya mtaa mzima kabla ya kupata mwenyewe. Sikuweza kuwalaumu sana, maana wauzaji wengine hapa mtaani kwetu, Section 58, walikuwa wezi wa mchana. Maziwa yao yalikuwa mepesi hata paka aliyaacha.

Mimi nilikuwa nikikasirika kisha nasahau. Kila mtu alijua chupa imeshikwashikwa, kwa hiyo akifika kwake aliyachemsha maziwa mpaka yapande. Asiyechemsha alikuwa mvivu au kapera.

Mume wangu hakusahau. Yeye ni fundi wa kukereza vyuma. Baba yake alifanya kazi reli, babu yake vilevile, watu waliotoka magharibi kufuata kazi na kuishia kuzikwa hapa. Watu wa namna hiyo wanaamini kila shida ya dunia ina umbo, na ukilipata umbo lake utachonga dawa yake. Siku moja alikuja kibandani akamkuta mzee mwenye kidonda mdomoni akionja chupa ya kwanza, akaonja ya pili, akazirudisha zote na kwenda zake.  Mume wangu alizimwaga zile chupa mbili kwenye mtaro, akarudi karakana yake, na jioni nikamkuta akichora.

Nataka nikieleze kile kifuniko kwa sababu kilikuwa kizuri, na uzuri wake ndio unaoniudhi mpaka leo. Vifuniko vya kawaida hufunika tundu la chupa tu. Ile sehemu ya mdomo inayogusa midomo ya watu hubaki karibu wazi, na vumbi la Nakuru mnalijua, halibishi hodi. Yeye alikipa kifuniko chake sketi ndefu iliyoshuka hadi shingoni. Ndani aliweka kisahani chembamba cha plastiki laini kilichobana hata ukiigeuza chupa kichwa chini haitoi tone. Chini ya sketi kulikuwa na pete iliyoshikwa na vijiti vyembamba. Ukifungua tu, vijiti vinakatika, pete inabaki shingoni mwa chupa, na kila mtu anajua imefunguliwa.

Hakuyapata hayo kwa siku moja. Kwanza alichonga kalibu ya chuma, akayeyusha mabeseni mabovu na kuyamwaga humo. Vikatoka vifuniko vya rangi ya matope vinavyonuka sabuni. Nikamwuliza kama anataka watu wanywe beseni. Akanuna, lakini akaenda kununua plastiki mpya, ile ya punje nyeupe. Halafu pete ikawa ngumu. Wamama wakawa wanaifungua kwa meno, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, maana mtu ameunda kifuniko cha kuzuia midomo na sasa wanakitafuna. Yeye hakucheka. Alirudi akaiwekea pete ulimi mdogo wa kuvuta kwa kidole.

Wateja mwanzoni walikataa. "Sasa tutajuaje kama umeweka maji?" waliniuliza. Mume wangu akasema tuweke chupa moja wazi mezani, iliyojazwa kutoka kwenye mtungi uleule, na vijiko vya kuonjea. Hapo wakakubali. Maziwa yenyewe yalitoka kwa dada yake, wifi yangu, anayefuga ng'ombe huko Bahati. Yalifika asubuhi yakiwa bado na uvuguvugu wa kukamuliwa, tukayajaza wenyewe kwa mikono iliyooshwa, tukayafunga.

Biashara ilichangamka. Watu walizigeuza zile chupa mikononi, wakaivuta pete kidogo kuona kama ni imara. "Mathe, hii si ni kama ya supamaketi?" mmoja alisema. Mwingine akamjibu, "Ni safi kabisa. Imefungwa hivi, sasa unachemsha ya nini?" Nililisikia neno hilo mara nyingi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba maziwa yetu yamechemshwa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Wakaanza kuyanywa palepale kibandani, na wafanyakazi wa mjengo wakawa wanayateremshia mandazi. Mume wangu alianza kusema tutawauzia vifuniko wamama wa maziwa wa Gilgil, na wa Kikopey pale wasafiri wanaposimama kula nyama, mpaka Longonot.

Ndipo nikashika mimba. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Tulikuwa tumekaa miaka mingi, na wamama wa kanisani walikuwa wameacha hata kuniombea kwa sauti. Harufu ya maziwa yakichemka ikaanza kunitapisha. Mimi niliyelelewa kwa chai ya maziwa nilikuwa nikikimbia nje sufuria ikiwekwa jikoni. Lakini maziwa baridi yaliingia vizuri. Basi kila alasiri mume wangu aliniletea chupa moja, akaivunja pete mbele yangu ili nisikie inavyokatika, na kusema, "Wewe ndio wa kwanza kugusa hii." Nilikunywa nikiwa nimenyoosha miguu juu ya mto. Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kweli, na sitaki ninyang'anywe hata hiyo.

Homa ilianza na jasho. Kisha mgongo, magoti, uchovu wa kushindwa kuinua sahani. Kliniki walinipima malaria wakaona sina, wakasema mimba nyingine ndivyo zilivyo. Niliamini, maana siku zile kila kitu kilikuwa mimba. Nikaendelea kunywa maziwa ili nipate nguvu. Asubuhi moja nilipoamka tumbo lilikuwa limetulia, na lilibaki limetulia.

Alikuwa msichana. Muuguzi alimfunga kwa shuka ya kijani na kuniuliza kama ninataka kumwona. Nilitaka. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Daktari alikuja na majibu ya damu wakati mume wangu ametoka kunitafutia uji. Alikuwa kijana mpole aliyezungumza polepole.

"Unakunywa maziwa?" aliuliza.

"Nakunywa. Yamefungwa vizuri sana."

"Huwa yamechemshwa?"

"Yamefungwa," nikamwambia tena, kwa hasira kidogo, nikidhani hajanisikia.

 Halafu akauliza kama huko maziwa yanakotoka kuna ng'ombe aliyetupa ndama kabla ya wakati wake. Nikakumbuka. Ng'ombe mkubwa wa wifi, yule mweusi mwenye mabaka, alitupa ndama wakati wa mvua. Wifi alisikitika, akamfukia ndama nyuma ya zizi, akaendelea kukamua. Daktari akaniambia ugonjwa unaitwa brusela, kwamba unatoka kwa ng'ombe na kuingia kwenye maziwa, na kwamba kuchemsha kunauua. Basi. Kuchemsha tu, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilifanya siku zile tulipokuwa tukionja kwa vifuniko vichafu. Mume wangu alizuia kila kitu kisiingie kwenye chupa. Ugonjwa ulikuwa umo ndani tayari, na sisi tukaufunga vizuri tukajiletea.

Mume wangu aliporudi na uji sikumwambia. Alikuwa amekonda uso kwa siku chache zile. Tulipofika nyumbani alikuwa haamki kwa jambo lolote isipokuwa kwenda karakana kutengeneza vifuniko na kunipokea zamu kibandani, na niliona nikimwambia atabaki bila pa kwenda. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na nadhani mwanamke mwingine yeyote angeelewa. Alikuwa akirudi na mfuko umejaa vifuniko, ananiwekea mbele yangu, na mimi natamani kumtupia usoni.

Niliacha kunywa, nikameza dawa zangu, nikamwambia wifi amwite daktari wa mifugo. Akasema atamwita. Nikaandika kwenye kipande cha katoni, CHEMSHA MAZIWA, nikakiegemeza kwenye chupa pale kibandani. Wateja walikisoma wakacheka. Mume wangu alikiondoa. "Unawaambia watu tunauza kitu kibaya," alisema. Kumjibu kungekuwa kumwambia yote, kwa hiyo nikaendelea kupanga chupa.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na jirani. Alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, mke kijana, mimba yake ya kwanza, na tumbo limeshachomoza. Alikuwa akinunua chupa mbili kila siku, anaifungua moja kabla hata hajavuka barabara. Nilimfuata mpaka kwake. Nilimwambia achemshe, nikamwambia na sababu, brusela na yote. Alinisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya tumbo, mkono uliokuwa ukisogea kidogo kidogo kulificha.

"Mathe, pole kwa yaliyokupata," alisema. "Lakini tafadhali usiniletee hapa kwangu."

Kufikia Jumapili nilikuwa nimeshasikia kwamba nina kijicho, kwamba nilimkazia macho tumboni, kwamba mwanamke aliyepoteza haachi mwenzake apate. Yule jirani aliacha kuja kibandani zamu yangu ikiwa ndiyo iliyopo. Alimvizia mume wangu, ananunua kwake, naye mume wangu alikuwa akimchagulia chupa za nyuma, zile za kivulini, kwa sababu ni mjamzito na alimwonea imani. Nilisimama dirishani nikamwona akimpa. Nilijua kwamba nikinyamaza hata wiki moja zaidi yule mke wa watu atakwenda kulala kwenye kitanda cha hospitali nilichotoka mimi, na kwamba kuna mtu mmoja tu ambaye angemsikiliza.

Nilikwenda karakana. Mashine ilikuwa ikizunguka na yeye ameinama juu yake. Nilisimama mpaka akanitazama, nikamwambia maneno ya daktari, bila kuyapunguza, na habari ya ng'ombe. Nilidhani nitasema kwa upole. Nilipiga kelele.

"Zile nilikuwa nakuletea?" aliuliza.

"Zile."

Alizima mashine. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, na alipomaliza akaanza upya. Nilimwacha hapo. Hakuja kula, na mimi sikupika.

Asubuhi iliyofuata alikuja nami kibandani, akasimama mbele ya meza badala ya nyuma yake. Jirani alitokea. Aliponiona alisita, alipomwona yeye akaja, akachukua chupa mbili. Nyuma yake walikuwepo wateja wengine, wale wa kila siku, wameshashika zao.

"Mama, weka hizo chini," mume wangu alisema.

Jirani alicheka kidogo. "Kwani leo hakuna?"

"Ziko. Lakini wewe sikuuzii." Aliongea kwa sauti ya chini, ikabidi watu wanyamaze ili wasikie. "Mke wangu alikuambia ukweli. Hana kijicho. Hii kifuniko nilitengeneza mimi, na inafunga sawasawa, lakini ugonjwa uko kwa maziwa. Mtoto wetu alikufa juu ya hii maziwa. Mimi ndio nilikuwa namletea. Enda hospitali leo upimwe. Tafadhali."

Jirani aliziweka chupa mezani. Alikwenda akapimwa, wakaikuta brusela kwenye damu yake, akapewa dawa, na alijifungua salama, ingawa hayo tulikuja kuyajua baadaye na kwa watu wengine. Asubuhi ile aliondoka haraka huku ameshika tumbo. Wale wengine wakarudisha zao, mmoja baada ya mwingine.

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Tangu nitoke hospitali watu walikuwa wamenipa pole ya mimba, pole ya ile shida, pole ya yaliyotokea. Mchungaji alisema hivyo, na wifi, na mama yangu mwenyewe. Hata sisi wawili ndani ya nyumba tulikuwa tukisema "ile siku" na kubadilisha mazungumzo. Yeye ndiye wa kwanza kusema mtoto, na alilisema barabarani mbele ya watu. Nilikaa juu ya kreti nikamlilia mtoto wangu kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.