Mizinga Mitupu ya Yudesi

Yudesi alizaliwa Nyakiyumbu, akaolewa Nyakiyumbu, akamzika mumewe Nyakiyumbu, kwa hiyo aliona kila jema la pale sharti lianzie kwake. Kikundi cha wakulima kilipozungusha waya mashambani na kuning'iniza mizinga, ili tembo wa mbugani akigusa waya nyuki watoke wamtimue, Yudesi alijichagulia mizinga ya kwanza. Ikakaa mitupu. Nyuki wakaenda kwa jirani yake Emérance, mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyepewa mizinga iliyobaki.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mwenyeji huyu aliugua. Emérance alirina asali, akanunua mbuzi, na mahindi yake hayakuguswa. Tembo walipita upande wa Yudesi, wakala nusu ya mahindi aliyotegemea kuwalishia wajukuu. Tembo, Yudesi angewasamehe. Kilichomtia kijiba cha roho ni mvumo wa nyuki wa mwenzake, aliousikia kila alipopalilia.

Jumapili moja, Emérance akiwa Misa, Yudesi alisingizia kuumwa kichwa, hakwenda kanisani kwao. Akavaa mavazi ya kikundi ya kurinia, akafukiza moshi, akauchukua mzinga mmoja wa jirani uliojaa na kuutundika kwake. Wake mtupu akauacha pale. Mizinga yote ilifanana, nani angejua? Mchana alikula akashiba, jambo lililokuwa limemtoka siku nyingi.

Masikini, pupa ilimsahaulisha kwamba mchana nyuki wako malishoni. Nyuki hukumbuka mahali, hajali sanduku. Jioni wakarudi kulekule kwa Emérance, wakakuta mzinga mtupu, wakajisogeza kwenye mizinga ya nyuki wenzao iliyokuwa kando. Waliobaki ndani nao, kila aliyetoka asubuhi alirudi kulekule. Wiki haikuisha, mzinga wa wizi ukabaki na nyuki wachache wanyonge.

Emérance alipita, akachungulia, akasikitika kwa dhati.

"Mama Yudesi, nyuki yako beko kidogo sana. Usihuzunike. Nitakupatia muzinga moja yangu ya kujaa. Tena mahindi yangu iko mingi, bajukuu batakula."

Yudesi alishukuru, akamkaribisha kiti, akatazama chini. Mtu angedhani wivu ungeishia hapo. Wapi! Kwanza alimwonea wivu wa nyuki, kisha wa mbuzi. Sasa alimwonea wivu wa ule moyo wake, na huo hakujua angeuiba vipi.