Ndege Tuliyoiita Lori

Juma lililopita, rafiki yangu, mtu nisiyemjua sura wala kabila alinitukana mpaka nikazima mashine. Nilikuwa nyumbani kwangu Kitwe, nimetoka kazini, nimekula, nikaingia mtandaoni kurusha ndege za vita za mchezo wa kompyuta, kama ninavyofanya siku ambazo mke wangu yuko kwenye kwaya. Mpinzani wangu alikuwa na ndege nyepesi, ile ya kugeuka papo kwa papo. Nilimshukia kutoka juu, nikampiga, nikapita, nikaenda zangu. Alinifukuza akashindwa kunifikia, akaanza kunisema kwa Kiingereza: rudi tupigane kama wanaume. Sikurudi. Lakini maneno hayo nilikwisha kuyasikia kwa Kibemba nilipokuwa mtoto pale Kashikishi, na siku ile nilirudi. Ndiyo sababu nimeshindwa kulala, nikaona nikusimulie wewe.

Unakumbuka ziwa likifungwa? Mwezi wa kumi na mbili serikali inakataza kuvua mpaka samaki wazae, na mji mzima unakuwa kama nyumba iliyozimwa redio. Nyavu zinapandishwa juu ya mapaa, mitumbwi inafunikwa pwani, baiskeli zilizozoea kubeba samaki kutoka Kabuta zinageuka kuwa za kutembelea wachumba. Mvua inanyesha kila mchana. Tulikula bukari, ule ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu tulichokiita sombe, na kesho yake sombe kwa bukari. Mtu akipata kachisense kakavu, dagaa wetu wa ziwani, kalikobaki chini ya gunia, majirani wote wanajua kwa harufu. Furaha yetu ilikuwa inswa, wale kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua, tukiwakaanga bila mafuta na chumvi kidogo. Nikikuandikia hivi mate yananijaa mdomoni.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki kati ya kisiwa cha Chisenga na Kashikishi. Ziwa likifungwa aliondoka kwenda Congo kutafuta vitenge, nami nikabaki na nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi. Nkambo alinilea tangu alipovuka nami kutoka upande wa Pweto, kule Congo, wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni. Kazi yetu ilikuwa mihogo. Tuliivundika majini, tukaimenya, tukaianika juu ya mkeka, na mawingu yakikusanyika ilikuwa mbio kuiokota kabla haijalowa. Jukumu la kutazama mawingu lilikuwa langu, nami nilikuwa mzembe wa sifa.

Sasa, kuna jambo lililonitesa zaidi ya mihogo. Babu, mume wa nkambo, alibaki kule vitani, hakuzikwa na mtu tunayemjua. Jamaa zake waliovuka walikusanyika, wakaninywesha maji kwa kikombe, wakanivika jina lake. Kwetu mtoto akivikwa jina la marehemu, yeye ndiye marehemu. Basi nkambo akaniita bwana yake, yaani mumewe. Si kwa siri, bali sokoni, kanisani, kisimani. Bwana yangu njoo ule, bwana yangu umechana tena kaptula, unataka nikushonee na macho gani? Wakongo wenzetu hawakuona ajabu, na Wabemba nao wana utani wao wa bibi na mjukuu, lakini huwa wanautania kidogo kisha wanauacha. Nkambo hakuuacha. Watoto wa mtaa wakanibandika jina: bwana ya kambo, mume wa bibi. Niliwahi kuzunguka njia ndefu ya kupitia kwenye matope ili nisikutane naye akiwa anatoka sokoni. Nilikuwa naona haya hata kabla hajafungua mdomo.

Jamaa wale wale walionivika jina walikataa kumvua nkambo weusi. Unajua mjane hajivui weusi mwenyewe. Ni ukoo wa mume unaomfungua. Walikuja, wakala, wakaondoka, naye akabaki na kitambaa chake cheusi kichwani mwaka baada ya mwaka. Sababu sikuambiwa. Mimi niliambiwa tu kwamba babu alikufa kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia, na kwamba nilitunze jina lake.

Sokoni palikuwa na jirani yetu mwenye duka la kuchaji simu. Mtu wa maneno mengi, mvivu wa kuamka, alikuwa na kompyuta mbili kuukuu alizoziunganisha kwa waya, na ndani yake mchezo wa ndege za vita za zamani, zile za pangaboi puani. Ziwa likifungwa, watoto wa wavuvi walihamia kwake kama nzi. Wakubwa walichukua ndege nyepesi, kwa sababu ukivuta usukani kidogo tu imekwisha geuka na iko nyuma ya mwenzako. Wadogo na wageni tuliachiwa ndege moja nene, nzito, ya injini kubwa, ambayo ukitaka kugeuka nayo unaomba ruhusa kwanza. Tuliiita Lori. Nilipigwa nikiwa na Lori mpaka wakachoka kunicheka.

Ni mwenye duka aliyenionea huruma, au labda alichoka kunitazama nikiangushwa. Aliniambia kosa langu ni kuzunguka na mtu anayejua kuzunguka kuliko mimi. Kila mzunguko unakula mwendo, na Lori likikosa mwendo ni bata. Basi nipande kwanza, nipande mpaka wao wachoke kuningoja. Nikiwa juu kabisa nichague mmoja, nimshukie, nipige mara ile moja, nipite karibu naye bila kumtazama, na mwendo ule wa kushuka unirudishe juu. Akikwepa, nimwache akwepe. Akinikalia nyuma, niinamishe pua na kunyoosha, kwa sababu Lori likienda moja kwa moja hakuna cha kulikamata. Na ikinilazimu kugeuka, nigeukie juu, kule hewani ambako yeye hawezi kufika, kamwe si pembeni. Alipenda kumalizia kwa methali, akiwa anatafuna muwa: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Nikaanza kushinda. Ungedhani ningefurahi, lakini ushindi wenyewe ulikuwa wa aibu. Kila nikimpiga mtu na kupita, duka zima linapiga kelele kwa Kibemba kwamba anakimbia, tazameni anakimbia, bwana ya kambo anakimbia. Mtu aliyeanguka alicheka kuliko mimi niliyemwangusha. Wengine waliongeza kwamba Wakongo wote ni hivyo hivyo, ndiyo maana wako huku. Nilikuwa nikirudi nyumbani, nala bukari mbele ya nkambo, namwaza babu ambaye hakukimbia, nasikia jina lake linanilemea kama koti la mtu mzima.

Halafu akaja mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka Mansa, mgeni wa mjomba wake, viatu vyeupe hata kwenye matope. Kwa ndege nyepesi aliwaangusha wote. Mwenye duka, ambaye hakuweza kuvumilia mtu mwingine ajisifu dukani kwake, akatangaza kwamba anaye kijana wake wa Lori. Nikagoma. Akanivuta pembeni, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka wasiniite tena bwana ya kambo. Akageuka akawaambia wote: huyu akishinda, atakayemwita hivyo hatakanyaga tena humu. Wakakubali wakicheka. Rafiki yangu, sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kile.

Tulicheza mchana, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, na mimi ndiye niliyepaswa kuyatazama. Nilipanda. Mwanafunzi alizunguka chini akiningoja, anatafuna kitu, amestarehe. Nilimshukia, nikamtoboa bawa, nikapita. Akageuza kwa haraka ya ajabu, lakini nilikuwa nimekwisha kwenda. Moshi mweupe ulimtoka. Ilibaki kurudi juu na kumshukia tena, basi. Nilinyoosha nikaenda mpaka akawa nukta.

Hapo ndipo nkambo alipofika mlangoni. Alikuja kuniita kwa ajili ya mihogo. Mwenye duka, kwa majivuno yake, hakumwacha aseme. Alimwonyesha kioo kwa kijiti cha muwa, akamweleza kwamba ile nzito ni bwana yake, na ile ndogo ndiyo inayotaka kumuua. Nkambo akasimama akatazama. Nyuma yangu kelele zilikuwa zimepanda, anakimbia, anakimbia, na mwanafunzi mwenyewe akaniambia polepole, bila hasira, nirudi tupigane kama wanaume. Damu ikanipanda. Nikaona si mimi ninayeambiwa, ni babu. Nilikuwa mbali, nilikuwa na mwendo, sikuwa hata nimepanda bado. Nikavuta usukani pembeni nikarudi.

Alinizunguka kama anayecheza na mbwa. Nilivuta, nikavuta, mwendo ukaisha, Lori likayumba, naye akanipiga kwa starehe zake. Duka likalipuka kwa kicheko. Nilikuwa bado nakitazama kioo cheusi nikimsikia nkambo nyuma yangu.

"Bwana yangu," alisema. "Ulikuwa umefika mbali. Batu bote baliona ulikuwa umefika mbali. Juu ya nini ulirudi?"

Wakacheka zaidi. Yeye hakuwasikia. Alikuwa amekuja mpaka kwenye kiti changu, amekishika kwa nyuma, na nilipogeuka nikaona haniangalii kama mtoto.

"Mashini ni mashini tu. Minalikuambia, tutashona na mukono. Weye ukarudilia mashini. Miye nikaendelea na mutoto ku mugongo, sikugeuka. Ndugu zako banasema nilikuacha mu njia. Sema weye mwenyewe. Nilikuacha?"

Kicheko kilikatika kuanzia waliokuwa karibu, kikaenda mpaka mlangoni. Hata waliokuwa hawajui Kiswahili walielewa kwamba si mchezo. Ndivyo nilivyojua, mbele ya mji mzima, kwamba babu alikuwa amekwisha kutoka, yuko salama njiani na mkewe na mjukuu, akarudi kuchukua cherehani. Na kwamba wale jamaa walimnyima nkambo ruhusa ya kuvua weusi kwa kuwa hakumfuata. Yeye alisimama akingoja. Mwenye jina ana mdomo wa marehemu. Akiulizwa lazima ajibu. Uso ulikuwa unaniwaka, masikio yananiwaka, mwanafunzi wa Mansa ananitazama mdomo wazi.

"Hukuniacha," nilisema haraka. "Ulifanya muzuri. Ungerudi, bangetuua bote. Tuende nyumbani, mihogo italowa."

Akakiachia kiti. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akamwomba mwenye duka msamaha kwa kumvurugia watu, akatoka mbele yangu. Mvua ilitukuta katikati ya njia. Mihogo ililowa yote, akaimwaga kwa kuku bila kunikaripia. Jumapili iliyofuata alitoka chumbani kwenda kanisani amefunga kitambaa cha manjano chenye maua. Jamaa za babu waliposikia walikuja na hasira. Nkambo aliwakaribisha, akawapikia, akawaambia kwamba bwana yake mwenyewe amemfungua, mashahidi wako sokoni, wakawaulize. Walikula wakaondoka.

Na mimi? Jina la bwana ya kambo halikutajwa tena dukani, ingawa nilishindwa. Nilipata nilichokitaka, lakini sikurudi pale kucheza. Nilikaanga inswa na kutazama mawingu mpaka ziwa likafunguliwa.

Nilipopita Kashikishi mwaka huu sikuliona duka lile. Mahali pake kuna kibanda cha kutuma fedha kwa simu. Watoto wanacheza vita wakiwa peke yao, kila mmoja na simu yake, amezibwa masikio, na bibi akisimama nyuma hawamjui. Mihogo watu wananunua ikiwa unga. Ziwa bado linafungwa, ila siku hizi wanavua kwa kuiba, na ukimya ule haupo. Nkambo alituacha nikiwa nimekwisha kuoa. Tangu hapo hakuna anayeniita bwana yangu kwa sauti ile ya kukaripia, na mke wangu nimemkataza asijaribu.

Kwenye msiba wake akina mama wa kanisa walipanga mstari kunishika mkono. Walilijua lote neno nililomjibu pale dukani, alikuwa amewasimulia miaka yote ile, kila ziwa lilipofungwa. Mmoja aliyekuwa rafiki yake sana alinishika mikono yote miwili, akaniambia kwamba nkambo alilala usingizi kwa sababu yangu, na akaniuliza mutoto mudogo vile nilipata wapi akili ya kumjibu hivyo. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa naona haya, na nilitaka tu atoke dukani?

Nikasema sijui, mama. Akaniombea baraka, nikainamisha kichwa nikaipokea.