Chai ya sukari katikati ya Kwaresima

Leo nimevunja mfungo wangu, na mi iko na furaha.

Musikilize kwanza, njo munihukumu.

Hii Kwaresima niliacha sukari. Hapa kambini Dzaleka kila mutu anajua, maana nimewaambia mimi mwenyewe.

Asubuhi ku bomba, bidoni zetu za maji zilikuwa zimepanga mustari, benyewe bameenda kazi zao. Ya jirani yangu Mama Riziki, kuna mutu aliisukuma nje ya mustari. Mi na ye hatusalimiani tangu Noeli.

Moyo ukaniambia: iache tu.

Nikairudisha. Tena mbele ya yangu.

Sasa Mama Riziki njo anatokea, anakuta mukono wangu ku bidoni yake.

"We Mama Neema, hata nafasi yangu unaitaka?"

 

Dada mumoja aliyeona yote akamueleza vile ilikuwa. Mama Riziki akaangalia chini. "Basi kuja tukunywe chai."

Akanitilia sukari mingi. Ye tu njo hakujua nafunga, nani angemwambia?

Nikakunywa yote. We ungekataa?

Kesho narudi ku chai bila sukari. Ila nitaikunywa kwa Mama Riziki.